Mwendo wa Baba Mkwe

Mchana ule Scola alikuwa jikoni anasonga ugali wa uwele aliposikia baba mkwe wake anakuja kutoka zizini.

Alimjua kwa mwendo. Mguu mmoja unapiga chini, tii, halafu wa pili unaburuzwa nyuma yake, kwaruu, kama mtu anayevuta tawi la miiba kuziba mlango wa zizi. Tii, kwaruu. Tii, kwaruu. Bila hata kufikiri, Scola akaacha mwiko ndani ya sufuria, akavuta kanga kichwani, akasogea pembeni ya mlango na kuinamisha macho, kama mkamwana anavyotakiwa kufanya mkwewe akipita. Shikamoo ilikuwa imeshafika mdomoni.

Ndipo akakumbuka kwamba mzee alizikwa mwaka jana, wakati wa mavuno ya alizeti, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyechota maji ya kumwosha.

Hakutoka. Upepo wa kiangazi ulikuwa unapita kwenye mabua makavu na kuacha sauti ya watu wengi wanaonong'ona. Mwendo ule ukazidi kusogea. Ukapita kando ya lundo la majivu, ukazunguka jiwe kubwa la kuanikia kwa upande uleule aliokuwa akizungukia mzee, na mlangoni kikatokea kivuli kifupi.

"Mama, nina kiu," akasema mwanawe.

Alikuwa mtoto wa miaka sita. Jina lake Antipasi, jina la babu yake, na ndiyo maana Scola hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Mkamwana hatamki jina la mkwewe, liwe limebebwa na mzee au na mtoto wa kunyonya. Tangu amzae alimwita Baba.

"Mbona unatembea hivyo, Baba?"

"Goti."

Akamkalisha kwenye mkeka, akalikamata goti la kushoto kwa viganja viwili. Halikuwa na uvimbe. Halikuwa na joto, wala mwiba, wala mchubuko. Akalilinganisha na la kulia akaona yanafanana kama mapacha.

"Umeanguka kwenye mawe?"

"Hapana."

"Ndama amekupiga teke?"

"Hapana. Linauma tu lenyewe."

Watoto wa pale huzunguka kwenye majabali kutwa nzima, na magoti yao hayakosi habari. Scola akampa maji, akamwambia asikimbie. Akarudi kwenye ugali wake, ukawa umeshaungua chini.

Siku zikapita, goti halikupona. Asubuhi mtoto anaamka amekakamaa kama mti, akitembeatembea analegea kidogo, jioni anaburuza. Nesi wa zahanati alimpa dawa ya maumivu akamwambia Scola, "Akiendelea kuchechemea usikae naye nyumbani. Mpeleke hospitali ya mjini wampige picha." Scola akaondoka na neno hilo akilini, akiwa na nia ya kulitimiza.

Lakini kabla hajalitimiza, Bibi Anastazia akamsikia mtoto akitembea.

Bibi Anastazia alikuwa mama mkwe wake. Tangu mumewe afariki alikuwa mtu wa kukaa kizingitini na kutazama njia. Ukimpa chakula anakimega, anakishika, anasahau kukipeleka mdomoni. Siku hiyo alikuwa amesimama uani anapepeta alizeti, na mtoto akapita nyuma ya zizi, haonekani, anasikika tu. Ungo ukainama mikononi mwa Bibi. Mbegu zikamwagika miguuni pake, kuku wakaja mbio.

"Mama, vipi?" Scola akauliza.

"Nyamaza. Unamsikia?"

"Namsikia mtoto."

"Huyo siye mtoto," Bibi akasema kwa upole, kama anayemwelekeza mtu aliyepotea njia. "Huyo ni mwenyewe. Amechoka kukaa kule."

Siku zote alikuwa akimwita mjukuu wake mume wangu, kama bibi wote wanavyofanya. Mume wangu njoo ule, mume wangu leo hujaoga. Mtoto anacheka, wote wanacheka. Tangu siku hiyo aliendelea kumwita vilevile, ila yeye hakucheka tena. Alikitoa kigoda cha marehemu alichokuwa amekificha ndani, akakisugua kwa majivu, akakiweka uani. Akampikia mtoto mlenda aliokuwa akiupenda mzee. Na yeye akakaa chini mbele yake, akala. Alikula tonge baada ya tonge, akajilamba vidole. Scola alimtazama akashindwa aombe lipi. Mama mkwe wake alikuwa amerudi kuwa mtu.

Habari haikukaa nyumbani. Mzee Leonidas, rafiki wa marehemu aliyechunga naye tangu utoto, akaja na kibuyu cha maziwa. Akakaa chini akamtazama mtoto aliyeko kwenye kigoda.

"Antipasi," akasema, "wewe ni mtu gani, unaondoka bila kuaga?"

"Sijaondoka," mtoto akajibu.

Mzee Leonidas akamtazama Bibi Anastazia. Bibi akaitikia kwa kichwa taratibu: si nilikwambia.

"Na mwendo wako bado ni wa kobe," mzee akamwambia mtoto.

"Na wewe meno yako umempa nani?"

Mzee Leonidas akacheka mpaka akakohoa. Halafu kicheko kikamkatikia njiani, akapangusa macho kwa mgongo wa mkono. Ndiyo maneno yaleyale marehemu aliyokuwa akimwambia kila walipokutana kilabuni, mbele za watu, na watu wakianguka kwa kucheka.

Scola alikuwa nyuma yao akichambua mboga. Alijiambia kwamba mtoto yeyote akiona mzee kibogoyo atamuuliza meno. Alijiambia pia kwamba mtoto alikuwa akibebwa na babu yake kila mahali, kilabuni pia, masikio yake yalikuwepo. Hata hivyo nywele za mikononi zilimsimama, na hazikulala haraka.

Ikaja siku nyingine, jua la saa sita, kila mtu kajificha kivulini. Mtoto akaita kutoka kigodani, bila kugeuka:

"Mgeni, nipe maji."

Bibi Anastazia aliolewa kutoka Kilimatinde, mbali na Unyaturu, na mumewe alimwita Mgeni mpaka walipozeeka. Hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Bibi akainuka, akamletea maji kwenye kata, akapiga goti kumpa. Mtoto akanywa yote. Akarudisha kata. Kisha akalilia uji, kwa sauti ya mtoto.

Scola hakuwa msomaji wa vitabu, elimu yake iliishia darasa la saba, lakini alikuwa na macho ya subira. Angeweza kumtazama kuku siku nzima mpaka ajue anakotaga. Akaanza kumtazama mwanawe hivyo. Aliona kwamba kaptura iliyokuwa ikimbana mapaja sasa upande wa kushoto inapwaya. Aliona kwamba mtoto hakai tena kwa kutanua miguu kwenye mkeka, ameibana pamoja kama msichana kanisani. Wenzake wakimwita kwenye majabali anasema anawalinda kutoka chini. Akilala, mkono wake hauko kwenye goti. Uko juu, ndani ya kinena, kama unaziba kitu kisitoke.

Akamweleza mama mkwe wake habari ya picha ya hospitali.

"Picha ya nini?" Bibi akauliza. "Mtu kaja na mguu wake. Mnataka atembelee wa nani?"

Basi Scola akapanda juu ya jabali kutafuta mtandao, akampigia mumewe. Benson alikuwa Itigi, kwenye vibarua vya kukarabati reli, na hakuwa amekuja nyumbani tangu kupanda.

"Baba anachechemea," Scola akasema.

Upepo ukavuma kwenye simu, wa huku na wa kule.

"Umesema nani?"

"Baba. Akitoka zizini anaburuza mguu. Analalamika goti."

 "Scola," Benson akasema polepole, "hapo ulipo, uko na nani?"

Ndipo Scola akakisikia alichokisema. Chini ya jabali, uani, aliona kigoda, na kwenye kigoda mgongo mdogo ulioinama upande mmoja. Kwa umbali ule usingeweza kusema ni wa mtu wa umri gani.

"Mtoto," akasema. "Nasema mtoto wetu."

Benson akashusha pumzi. "Mama alinipigia juzi akaniambia mambo hayo, nikadhani ni uzee. Anakula?"

"Mtoto?"

"Mama."

"Siku hizi anakula."

"Basi subiri kidogo, mke wangu. Nikija tutazungumza. Tulikaribia kumzika na yeye, unajua. Usimvurugie."

Scola akashuka. Kila mtu alikuwa na sababu nzuri ya kusubiri, na kaptura ya mtoto ilizidi kupwaya.

Bibi na Mzee Leonidas wakakubaliana kwamba mwenyeji akirudi hakai uani kama mpita njia. Lazima aonekane na ng'ombe wake. Asubuhi moja, baridi ikiwa bado kwenye mawe, wakampa mtoto fimbo ya babu yake iliyokatwa ikawa fupi, wakamwambia alizunguke zizi kama marehemu alivyokuwa akilizunguka kila siku kabla ya kufungulia. Majirani walisimama nje ya ua wa miiba. 

Mtoto akaingia. Tii, kwaruu.

Ng'ombe walikuwa wamelala wanacheua. Wa kwanza akasimama, kisha wa pili, kisha wote, na hakuna aliyewaamsha. Jike moja jekundu, zee, lililokuwa likimfuata marehemu mpaka mlangoni kama mbwa, likasogea likamnusa mtoto begani. Likapumua mvuke kwenye shingo yake. Mtoto akaendelea kutembea, na jike lile likamfuata nyuma, hatua kwa hatua, likipunguza mwendo kila mguu ule ulipoburuzwa. Mwanamke mmoja nje ya ua akafanya ishara ya msalaba.

Wote walikuwa wanatazama miguu. Scola alitazama uso. Katika baridi ile, juu ya mdomo wa mtoto palikuwa na jasho. Mdomo wa chini ulikuwa ndani ya meno, na pembeni ya meno palikuwa na damu.

Alipomaliza mzunguko Mzee Leonidas akapiga makofi mara moja, na wengine wakafuata. Scola akapita katikati yao, akambeba mwanawe bila kumwomba mtu ruhusa, akaingia naye ndani.

"Baba, unaumwa namna hii, mbona hulii?"

"Bibi kasema nikilia babu ataondoka."

"Na wewe hutaki aondoke?"

Mtoto akafikiri. "Bibi ndiye hataki."

Kivuli kikaziba mlango. Bibi Anastazia aliingia na kopo la samli ya kukandia. Alikuwa na furaha usoni, furaha ya mtu aliyetoka harusini. Akakaa, akamlaza mtoto, akachota samli kwa vidole viwili.

"Wapi, mume wangu?"

"Goti."

Mkono wa Bibi haukwenda gotini. Ukapita juu ya paja, ukaingia kwenye kinena, ukabonyeza mahali pamoja kwa kidole gumba, bila kutafuta, kama mtu anayeshika komeo la mlango wake gizani. Mtoto akapiga ukelele. Alilia kwa machozi yote ya siku zile alizonyamaza.

Scola akamshika Bibi kifundo cha mkono. Hakuwahi kumgusa mama mkwe wake namna hiyo.

"Mama. Kasema goti. Umejuaje ni hapo?"

"Ndipo pake," Bibi akasema.

"Pa nani?"

 Bibi alikitazama kidole chake kama hakijui.

"Mzee alianza lini kuchechemea?" Scola akauliza.

"Nilimkuta hivyo."

"Akiwa kijana?"

"Kijana wa kupendeza. Anachechemea."

"Na kabla ya hapo?"

Bibi akaanza kupaka samli mahali ambapo tayari pana samli. "Mama yake alinisimulia. Alikuwa analia goti, mdogo hivi, anachunga ndama. Wakamchanja goti. Wakamchanja tena. Baadaye akaacha."

"Akaacha kuumwa?"

"Akaacha kulia." Sauti ya Bibi ilishuka. "Kila baridi ikija nilimkanda. Yeye ananiambia goti, Mgeni, goti, na mimi mkono unakwenda hapa wenyewe. Mpaka mwezi ule aliokufa. Nilikuwa nadhani kila mume ana mahali pake."

Mtoto alikuwa na kwikwi ya kilio. Scola akaurudisha mkono wa mama mkwe wake mapajani mwake, taratibu, akauacha.

"Mama, huyu hajamrudisha babu yake. Amepata ugonjwa wa babu yake. Mzee naye aliupata akiwa mtoto, na hakuna aliyemtibu."

Bibi akachukua kopo lake akatoka. Siku hiyo hakula.

Asubuhi yake Scola akajaribu kumfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, kwa upole, ikamchukua muda, maana mguu ule haukutaka kutanuka kumzunguka kiuno. Mwishowe akambeba mikononi kama anavyobebwa mtoto mchanga. Bibi Anastazia alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua.

"Ukimpeleka kule utamfukuza."

"Nampeleka mwanangu, Mama."

"Na mimi nibaki na nani?"

Scola akamweka mtoto sawa mikononi. Akapita. Nyuma yake hakusikia kitu kwa muda mrefu, upepo tu. Alipokaribia barabara, huku mikono imeshakufa ganzi, akasikia kandambili zinakuja. Hakugeuka. Alihofia akigeuka asione mtu. Bodaboda iliposimama ndipo Bibi alipotokea ubavuni, amevaa kitenge cha kanisani, jasho linamtoka.

"Sogea mbele," akamwambia Scola, akapanda nyuma yake. Ikungi wakapata gari la mjini.

Hospitalini dada wa mapokezi akauliza bila kuinua macho, "Jina la mgonjwa?"

Scola akamgeukia mama mkwe wake. Bibi alikuwa anatazama ukuta.

"Mama, jina la mgonjwa. Kuna watu nyuma yako," dada akarudia.

"Antipasi," Scola akasema.

Lilikuwa jina zito, lilimtoka na mate. Akasubiri kitu kitokee: mtu aite, mlango ujipige, Bibi aanguke. Dada aliandika tu. Mtoto mikononi mwake akainua kichwa.

"Unamwita nani?"

"Wewe."

"Mimi?" Akamtazama mama yake kama ndiyo kwanza wanatambulishwa.

Daktari alikuwa dada mdogo wa umri, mikono yake mikubwa. Akamlaza mtoto kitandani, akamuuliza anaumwa wapi, mtoto akasema goti. Daktari akalitazama goti kidogo, akaliacha. Akaukunja mguu wa kulia, akauzungusha ndani na nje, ukazunguka vizuri. Akaukunja wa kushoto. Ulipofika mahali fulani ukakataa, na mwili wote wa mtoto ukainuka nao.

"Goti halina kosa," akasema. "Tatizo liko kwenye nyonga. Maumivu ya nyonga yanatembea. Mtoto anayasikia gotini, na wazazi wanapoteza muda gotini. Tumpige picha."

Picha ilipokuja akaiweka kwenye mwanga. Scola aliona mifupa ya mwanawe, myeupe, imesimama gizani peke yake bila nyama, na hakuipenda.

"Kichwa cha mfupa huu wa kulia kiko mviringo. Mnakiona? Sasa huu wa kushoto. Kimeanza kubonyea kama tikiti lililokaliwa. Damu imepungua kufika hapa, mfupa umelainika. Akiendelea kuukanyagia, utakuja kukomaa ukiwa na umbo hilohilo baya, na atachechemea mpaka uzee."

"Nani kamfanyia?" Bibi Anastazia akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu barabarani.

"Hakuna mtu, Bibi."

"Ugonjwa umeanzia wapi?"

"Hilo hata sisi hatulijui," daktari akasema. "Unakuja wenyewe. Unawapata zaidi watoto wa kiume wa umri huu. Uzuri ni kwamba bado mdogo, mfupa unaweza kujijenga tena. Ila polepole sana, na inabidi ukae umetulia ndani ya kikombe chake wakati unajijenga."

Wakamlaza. Mguu ukavutwa kwa kamba yenye uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, ili misuli iliyokaza ilegee. Hakukanyaga chini. Wodi ile ilikuwa na dirisha linaloangalia ziwa la chumvi, na mchana upepo uliinua vumbi jeupe pembeni ya maji likatembea lenyewe ufukweni, likisimama, likiendelea. Bibi Anastazia alikaa kwenye kiti akilitazama. Hakuwa akimwita mtoto kwa jina lolote.

Misuli ilipolegea, daktari akaja kuzungumza. Walitaka kumfunga plasta ngumu miguu yote miwili, imetanuliwa, na fimbo katikati ya kuishikilia. Angekaa nayo miezi, angebebwa kama gogo, baadaye magongo. Hakuwaficha: hata wakifanya hivyo hakuna anayeweza kuapa mfupa utakuja mviringo kabisa. Ila bila hivyo anajua utakavyokuja. Alitaka familia ikubali. Scola akasema amekubali. Wakampigia Benson, na Benson, mitambo ya reli ikinguruma nyuma yake, akasema, "Mama akikubali, na mimi nimekubali."

Wakamtazama Bibi.

"Akifunguliwa," Bibi akauliza, "atatembeaje?"

"Tunataka atembee kama wenzake."

"Mwendo huu hautakuwepo."

"Ndicho tunachokitafuta, Bibi."

Bibi akakunja mikono yake, akaikunjua. Dirishani vumbi jeupe lilikuwa limesimama palepale. "Niachieni nafasi kidogo," akasema.

Wakavuta pazia. Scola alisimama nje yake, karibu. Alimsikia mama mkwe wake akiongea Kinyaturu, lugha aliyofundishwa na mumewe, kwa sauti ya chini, bila haraka, kama mtu anayemkumbusha msafiri mambo ya njiani. Kwenye upenyo wa pazia alimwona mtoto. Alikuwa amelala chali, macho darini, na kila baada ya maneno kadhaa aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu mzima. Mtoto wake hakujua Kinyaturu zaidi ya salamu na matusi ya ng'ombe.

Pazia likafunguliwa. Bibi alikuwa ameweka kitenge chake vizuri.

"Mfungeni," akasema.

"Tunakufunga hogo, ndiyo hii plasta, kijana," daktari akamwambia mtoto, akichovya bandeji za chokaa kwenye maji.

"Muhogo wa kula?"

"Huu ukiula utavunjika meno."

Wakamzungushia, tabaka juu ya tabaka, mpaka miguu ikawa myeupe na minene na si ya mtu yeyote. Fimbo ikawekwa katikati. Daktari akaenda kunawa. Mtoto alikuwa ametulia, kisha akageuza kichwa.

"Mama, nani kanishika mguu?"

"Hakuna mtu."

"Yupo. Mkono wake una moto."

"Plasta ikikauka inapata joto," daktari akasema kutoka kwenye bomba la maji. "Ni kawaida. Itapoa yenyewe."

"Mwache amshike," Bibi Anastazia akasema. Sasa ndipo alipokuwa analia, bila sauti, machozi yakifuata mikunjo ya uso mpaka kidevuni. "Ataachia."

Scola akaweka kiganja chake juu ya plasta, pale kwenye nyonga. Ilikuwa na joto kama mtu aliye hai. Mtoto akamtazama, akingoja kuambiwa kitu.  Scola akakaa ukingoni mwa kitanda na kiganja chake palepale, mama mkwe wake akaja akakaa upande wa pili, wakangoja ipoe.